Binti Yangu Arudishiwe Maneno Yaliyobaki

Kilombero, Morogoro
6 Februari 2025
Mwezi wa nane tangu nitoke Murusagamba, Ngara

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo, kama umri unaruhusu. Mimi ni Juvenali, mkata miwa, baba wa Domisiana wa mwaka wa kwanza hapo chuoni kwako. Shule niliiacha darasa la tano, hivyo nisamehe mwandiko.

Domisiana anasema mmemfundisha asiandike kila neno la mhadhiri, achukue hoja kuu tu. Ameshika vizuri mno. Ndiyo maana nalalamika.

1. Mke wangu Eustakia hana simu. Nampigia Domisiana, naye Jumamosi humpelekea mama yake maneno yangu. Mimi huanza na salamu: mama mkwe, majirani, migomba, mvua. Yeye huandika, "Baba mzima."

2. Nilieleza, kwa urefu unaostahili, kwamba jirani yetu Bukuru akija kutaka ndama wetu asipewe, hata aje na pombe ya rubisi na maneno matamu. Domisiana akaandika, "Ndama: Bukuru." Sasa ndama analala kwa Bukuru, naye anatusifu kwamba hajaona nyumba yenye maelewano kama yetu.

3. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Nilimtuma amwambie mama yake kwamba nakumbuka ndizi zake za maharage, na anavyonicheka nikivaa koti la kanisani. Halikuandikwa hata neno moja. Nilipouliza nikajibiwa, "Baba, hiyo ilikuwa mifano. Mifano haitoki kwenye mtihani." Sasa Eustakia amewaambia wenzake wa jumuiya kwamba nimepata mwingine huku.

4. Kwa hiyo naomba salamu zitungiwe mtihani, na maneno ya mzazi yaandikwe yote, pamoja na kikohozi. Ikishindikana, chuo kimtume mhadhiri mmoja Murusagamba akamweleze mke wangu, kwa kirefu, kwamba anapendwa. Asiende na ubao.

Nisalimie walimu, wapishi, mlinzi wa getini na wanafunzi wote, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi, bila kufupishwa,
Juvenali Nkeshimana

N.B. Jumamosi, kabla sijaituma barua hii, Domisiana alikwenda nyumbani. Anasema mama yake aliongea tangu anamenya ndizi mpaka zikaiva, yeye akiandika. Kisha akanitumia hoja kuu: "Rudi."

Nilitaka kumwuliza maneno yaliyobaki, nikaona hakuna yaliyobaki. Malalamiko nayaondoa, isipokuwa yale ya ndama. Nitashuka Ngara kabla ya Jumatano ya Majivu.