Ombi la Kusogeza Mbele Mwezi wa Machi

Orrin Tveit,
Ghuba ya Kusini, Ziwa Halvorsen,
Minnesota.
Alhamisi, 13 Machi

Mheshimiwa Afisa wa Maziwa,

YAH: OMBI LA KUSOGEZA MBELE MWEZI WA MACHI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wote wa ofisini, pamoja na yule dada wa mapokezi anayenijibu kwa upole ingawa wiki hii nimempigia simu mara tisa. Mimi ni mzima, ukiondoa magoti na hili jambo ninalokuandikia.

Mimi ni fundi bomba mstaafu. Nimevua samaki kwenye barafu ya ziwa hili kwa majira ya baridi hamsini na manne, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa Katibu wa Magogo wa chama chetu cha wavuvi. Huenda cheo hicho hukijui. Kibanda cha kuvulia kina jiko ndani. Joto la jiko huyeyusha barafu iliyo chini, maji hupanda, halafu baridi ikirudi huganda tena na kuishika sakafu kama saruji. Ndiyo maana kila kibanda hukalishwa juu ya magogo manne, na kila baada ya wiki mbili mwenyewe hukiinua kwa jeki na kuyageuza. Kazi yangu ni kupita kibanda kwa kibanda nikigonga mlango na kuwauliza watu kama wamefanya hivyo. Wako wanaoniona kero. Nimezoea.

Sheria yako inataka vibanda vyote viwe vimeondoka ziwani kabla ya saa sita usiku wa Jumatatu ijayo, tarehe 17. Kwa heshima na taadhima naomba tarehe hiyo isogezwe hadi mwisho wa Aprili, kwa sababu zifuatazo.

1. Jambo lenyewe linawezekana. Jumapili iliyopita serikali ilisogeza saa zote mbele kwa saa moja, kama ifanyavyo kila Machi. Nililala vizuri, nikaamka nikaambiwa nimechelewa kanisani. Hakuna aliyeniuliza maoni. Serikali yenye ubavu wa kumnyang'anya mtu mzima saa nzima akiwa usingizini haiwezi kushindwa kumpa wiki sita akiwa macho. Najua utasema saa hiyo hurudishwa Novemba. Lakini Novemba barafu haijashika, sasa mtu ataifanyia nini?

2. Barafu bado ipo. Jana nilitoboa nikapima inchi ishirini na mbili. Shemeji yangu, Delmar Kolstad, anadai kwamba hiyo ni barafu iliyooza, kwa kuwa imegeuka kijivu na ukiikanyaga inatoa maji. Rangi si hoja. Mimi mwenyewe nimegeuka kijivu na bado natembea. Kuhusu huyo Delmar, tazama namba 4.

3. Kibanda changu si kibanda tu. Nilikijenga na marehemu baba mwaka 1974, kwa mbao za ghala lililobomolewa. Ukutani kuna alama za penseli: upande wa kushoto urefu wa samaki, upande wa kulia urefu wa watoto wangu, kila Krismasi. Binti yangu Karin alimpita samaki mkubwa kuliko wote wa baba kabla hajatimiza miaka miwili, na baba hakupendezwa hata kidogo. Mwandiko wa baba uko pale. Hauko mahali pengine popote, maana hakuwa mtu wa kuandika barua. Kibanda kikizama, na hayo yote yamezama. Nasema wazi, Mheshimiwa, naogopa.

Utauliza, kwa nini kizame, si kitolewe tu? Swali zuri. Nitalijibu nikifika namba 5.

4. Delmar Kolstad. Ni kaka wa mke wangu, na kosa hilo si la mke wangu. Kibanda chake amekinunua dukani kikiwa kimekamilika: cha kijani, kina magurudumu, kina kochi, kina televisheni. Huinuka na kushuka kwa kubonyezwa kitufe. Mtu asiyeinama hata mara moja katika majira yote ya baridi, barafu ataijulia wapi?

Desemba iliyopita nilitumia siku nzima ndani ya kibanda hicho nikimweleza kwamba hata magurudumu yanahitaji magogo. Alinipa kahawa. Alinipa na sill, samaki wa siki, vipande vingi tu. Kila nikimaliza hoja anasema, "Haya shemeji, hebu rudia hapo pa gogo la tatu, sijakuelewa." Nikarudia. Nilipotoka giza lilikuwa limeshaingia, nami nilikuwa bado sijashughulika na kibanda changu, kwa hiyo nikakiweka pale juu ya barafu kwa muda tu. Naomba neno "kwa muda" lizingatiwe.

Wiki mbili zilizopita, kwenye duka la chambo, watu wakiwa wamejaa wanakunywa kahawa, Delmar alinigeukia akasema kwa sauti, "Shemeji, mbona kibanda chako siku hizi kimekuwa kifupi? Au wewe ndiye umerefuka?" Nikamjibu kwamba ni theluji imeongezeka. Akasema, "Theluji ipi, shemeji? Wiki ya pili hii jua linawaka." Watu wakaangalia vikombe vyao. Naomba apigwe faini. Kwa kosa gani nakuachia wewe mwenye vitabu vya sheria, ila iwe kubwa, na isomwe hadharani.

5. Sisemi kwamba kibanda changu kimeganda. Nasema kimeshikamana na barafu, inchi kumi na moja, pande zote nne. Nimejaribu maji ya moto, nayo yakageuka barafu zaidi. Nimejaribu chumvi. Nimejaribu shoka, na mpini umevunjika. Juzi nilijaribu kukaa ndani na kuchochea jiko kwa saa sita mfululizo. Kibanda hakikusogea, ila nilivua samaki watatu wazuri aina ya walleye, jambo linaloonyesha kwamba mahali penyewe pana faida na hapafai kuhamwa.

Mke wangu, Ardis, ananitazama tu. Jana aliniambia, "Baba Karin, si uwaombe watu wakusaidie?" Nikamuuliza, watu gani. Akasema, "Hao hao uliokuwa unawagongea milango." Sasa umeelewa, Mheshimiwa. Siwezi. Miaka kumi na tisa nimesimama mlangoni kwa watu wazima, wengine na kijiko mdomoni, nikiwaeleza habari za magogo. Kuna mjane mmoja, Bi Lavonne Hegge, nilimtoa nje akiwa na soksi tu, bila viatu, ili aone gogo lake limelala upande. Nitamwendea kwa uso upi? Heri nihamishe mwezi wa Machi.

6. Ikiwa Machi haisogezeki, nina mapendekezo mengine, na sina ubaguzi, chagua lolote. Unaweza kutangaza kwamba Ghuba ya Kusini ni nchi kavu hadi Mei, maana nchi kavu haina tarehe ya kuondoa nyumba. Au uandikishe kibanda changu kuwa mashua kuanzia Jumatatu. Mashua huruhusiwa ziwani mwaka mzima, na ikizama watu huisikitikia, hawaicheki. Ukikubali hilo, jina lake liwe *Ardis*. Mwenyewe hajajua.

7. Bata bukini wameanza kurudi. Wanapita juu ya kibanda kila asubuhi wakipiga kelele, na watu wakiwasikia wanasema majira ya kuchipua yamefika, kisha wanafunga mizigo. Hivyo ndivyo uvumi unavyoenea. Naomba wazuiwe mpakani kusini hadi uamuzi wa ombi langu utoke. Hawana vibali. Na kama jua nalo liko chini ya idara yako, naomba lipewe onyo, angalau la mdomo.

Nitashukuru nikipata jibu kabla ya Jumatatu jioni. Nisalimie familia yako, dada wa mapokezi, na yule kijana wenu mwenye kitabu cha faini, ambaye mwaka juzi alikubali kahawa yangu. Ardis anawasalimu. Delmar hajatuma salamu na sikumwomba.

Wako katika utii wa sheria zote isipokuwa hiyo moja,

Orrin Tveit,
Katibu wa Magogo

Baada ya sahihi, Jumatatu saa kumi na moja jioni:

Barua hii haikuondoka Alhamisi kwa sababu Ardis alizificha stempu. Halafu akaisoma. Halafu akampigia simu Delmar. Jana baada ya ibada nilitoka uani nikakuta watu kumi na sita wamesimama na jeki na misumeno ya mota, na Bi Lavonne amebeba bakuli la viazi vya kuoka na nyama. Walikata barafu tangu mchana hadi jua likatua. Hakuna aliyecheka, isipokuwa mchungaji, naye aliomba radhi. Delmar alikivuta kibanda kwa pikapu yake hadi ufukoni, na palepale gia zikafa. Ubao mmoja wa sakafu ulibaki ziwani. Tulikisukuma kwa mikono hadi nyumbani; kuta zote ziko uani kwangu, na alama zote za penseli zinasomeka.

Kwa hiyo Machi ibaki ilipo. Bukini wapite. Barafu imeoza kweli, nimeiona mwenyewe leo, na ungenikubalia ombi langu ungetuzamisha sote.

Tatizo lililobaki ni kwamba kibanda cha kijani bado kiko katikati ya ghuba, na pikapu ya kukivuta ndiyo hiyo iliyokufa ikivuta changu. Hakuna trekta inayothubutu kuingia tena. Tunakwenda sasa hivi kukivuta kwa kamba, watu kumi na saba, tukiwa tumeachiana nafasi ili tusilemee mahali pamoja. Delmar ameniambia, "Shemeji, wewe baki ufukoni, magoti yako hayo." Sibaki.

Kijana wenu akifika kabla hatujamaliza, ile faini niliyoomba Delmar apigwe aiandike kwa jina langu. Ni Tveit, inaanza na T. Delmar asiambiwe. Atataka kunishukuru, nami sijui nitatazama wapi.