Mita Moja ya Kura

Jumatatu, 14 Oktoba
Matokeo ya uchaguzi yametoka! Katika kila kura mia, Jembe kapata arobaini na nane, Taa arobaini na saba, wengine wamegawana tano. Mama ni wa Taa. Shangazi ni wa Jembe. Hawasalimiani tangu kampeni, na wameapa kwamba wa upande ulioshindwa ndiye atakayeanza kusalimia. Shangazi ana duka la kushona, na cherehani ya pale dirishani ndiyo ninayoitamani. Atanifundisha kushona Mama akienda kumwomba mwenyewe. Maisha yangu yote yamekalia kura!

Jumanne, 15 Oktoba
Mpango: kila mmoja nimwambie ameshinda. Mwenye furaha hakawii kusamehe. Wala si uongo! Jembe kaongoza kwa kura, Taa kashinda mikoa mingi zaidi. Mama alipiga vigelegele. Shangazi akasema sasa wifi yake apige hodi kwa adabu. Sijadanganya. Nimegawa ukweli tu.

Jumatano, 16 Oktoba
Balaa. Mama kaja dukani kwa Shangazi kupokea salamu. Shangazi kakaa anasubiri za kwake. Wakatazamana kama paka wawili ukutani. Shangazi akaniuliza, haya msomi wetu, nani kashinda? Nikaona heri nioneshe. Mita ina sentimita mia, kila sentimita kura moja! Nikavuta kitambaa kilichokuwa mezani nikakata: arobaini na nane, arobaini na saba, tano. Kipande cha Jembe kirefu. Ila Taa nikimuunga na wale wengine, wanampita! Basi wengi hawakumtaka Jembe. Nikageuza. Wengi hawakumtaka Taa pia! Sasa katakiwa nani? Nikapima tena. Nikachanganyikiwa zaidi.

Shangazi akauliza taratibu kitambaa nimekitoa wapi.

Kilikuwa cha gauni la bibi harusi. Wa Jumamosi.

Mama akasema, wifi yangu, umemwona mtoto huyu? Shangazi akajibu, nimemwona, wifi yangu. Aliyeanza ni Mama. Kwa hiyo Taa ndiye kashindwa? Sikuthubutu kuuliza.

Ijumaa, 18 Oktoba
Wamepatana, wananisema kwa zamu. Cherehani kapewa binti wa jirani. Mimi nafagia nyuzi.

Jioni redio ikatangaza: hakuna aliyevuka nusu, kura zitarudiwa, Jembe na Taa peke yao. Mama na Shangazi wamenuniana upya. Shangazi kaninong'oneza nimweleze vizuri hiyo nusu, huenda akaifikiria tena ile cherehani.

Wawili tu! Hesabu nyepesi kabisa. Na pazia la sebuleni kwetu nimelipima: mita mbili kamili.