Kengele Iliyonisema Mbele ya Wakwe

Bartolomayo Ndahani,
Zizi la pili kutoka bomba la maji,
Msalato, Dodoma.

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Zizi Bayana (watengenezaji wa Kengele Janja),
Dodoma Mjini.

Nakala: Mhariri wa gazeti lolote lenye nafasi, Wizara inayohusika na ng'ombe, Wizara inayohusika na adabu, kama ipo.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KENGELE YENU KUKOSA ADABU NA POSA YA MPWA WANGU KUYUMBA

Salamu kwanza. Natumaini u mzima, wewe na nyumba yako na mifugo yako. Kama huna mfugo hata mbuzi, basi tatizo letu linaanzia hapo hapo, lakini tutalifikia.

Mimi si mtu wa kulalamika. Muulize yeyote kuanzia Msalato hadi Nkuhungu. Mwaka ule fisi alipoingia zizini kwangu sikupiga yowe. Nilimtazama tu, na yule fisi akatoka kinyumenyume kama mtu aliyefungua mlango wa bafu la mwenzake. Wahandisi wa uwanja mpya wa ndege walipokuja kupima upepo na vyombo vyao, mwisho wa yote waliniuliza mimi, nami nikawaonyesha mkia wa dume langu unavyopepea, wakaandika. Elimu yangu ni darasa la sita. La saba niliwaachia wenye haja nalo. Nayasema haya si kwa kujisifu, bali ujue kwamba ukiona mtu wa namna hii ameshika kalamu, jambo limeshamfika hapa, na hapa ni shingoni.

Msimu uliopita wakala wenu, kijana mmoja nadhifu anayeitwa Jordan, alikuja kutufungia Kengele Janja. Alisema ni kengele kama zile za siku zote za kumvika ng'ombe shingoni, ila ndani yake mna akili. Inajua ng'ombe alipo, inasikiliza kikohozi chake, na kila kitu inakipeleka kwenye simu ya kupapasa. Alisema ni bure kwa majaribio. Nilipaswa kushtuka pale pale, maana huku Dodoma kitu cha bure ni upepo peke yake, na huo nao hudai macho kwa vumbi. Lakini nikapokea, nikawa wa kwanza ukanda huu wote, na watu walikuja kwa miguu kutoka mbali kuona ng'ombe anayepiga simu.

Sasa naleta malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kengele yenu haisalimii. Kila asubuhi simu inaniamsha kwa kuniambia, "Mambo, Bartolomayo." Mke wangu Anastazia, ambaye tumezeeshana, bado ananiita Baba Ruthu. Leo kitu kilichozaliwa kiwandani mwaka jana kinaniita jina la ubatizo, tena bila shikamoo. Nilimweleza Jordan, akasema mfumo umetengenezwa uwe rafiki. Ndugu Mkurugenzi, sikuomba rafiki. Niliomba kengele.

2. Kengele yenu ina umbea. Siku moja luku ya nyumbani ilikuwa imeisha, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu. Nikaivua kengele ya Mapembe, ng'ombe jike ninayempenda kuliko wote, nikaenda kuichaji kilabuni kwa Mama Joha, ndiko kwenye umeme wa uhakika. Nikakaa pale kuilinda, kama ambavyo mtu yeyote mwenye busara angefanya. Kumbe ile programu mmeiweka na kwenye simu ya Anastazia. Ikamwandikia: Mapembe yuko kilabu cha pombe. Baadaye kidogo: Mapembe bado yuko kilabu cha pombe. Jua lilipokaribia kuzama: Mapembe hajasogea, huenda anaumwa, tafuta mtaalamu. Mke wangu akaja na kamba na afisa mifugo. Yule afisa, mtu wa mizaha, akasimama mlangoni akauliza mgonjwa ni yupi, na kilabu kizima kikaninyooshea kidole. Akaniomba nitoe ulimi. Tangu siku ile watani zangu hawanisalimii kabla ya kuniuliza kama nimeshacheua.

3. Kiangazi Mapembe akapotea kweli. Simu ikaniletea ujumbe huu, naunakili kama ulivyo: "Ng'ombe wako amepotea. Tunajua alipo. Ili nawe ujue, jiunge na Kifurushi cha Dhahabu." Huku kwetu, mtu anayejua ng'ombe wako alipo na hasemi mpaka alipwe, ana jina lake, na jina hilo si mkurugenzi. Nikapiga huduma kwa wateja. Sauti ya dada ikasema bonyeza moja, bonyeza mbili, bonyeza tatu. Nikabonyeza zote, asije mmoja akajiona ameonewa. Nikamweleza kwa Kiswahili, nikamweleza kwa Kigogo, nikampigia na mluzi. Akasema samahani, hajanielewa. Aliyeuelewa mluzi ni Mapembe, akatoka mwenyewe kichakani nyuma ya choo, anachechemea. Mluzi wangu huo, kwa taarifa yako, ulishawahi kumrudisha dume kutoka Kondoa, naye alikuwa keshauzwa.

4. Nikauandika ule mguu kwenye programu yenu, mahali palipoandikwa Afya. Kesho yake simu ikaanza kuniletea matangazo ya visu vya buchani na majiko ya nyama choma. Mapembe alikuwa anachechemea tu, ninyi mmeshamgawa. Nilipomuuliza Jordan habari za mguu zimefikaje kwa wauza visu, akasema nilibonyeza Nakubali. Ni kweli, nilibonyeza. Maelezo yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, marefu kama hotuba kwenye msiba wa diwani, na mwisho wake palikuwa na kitufe kimoja tu. Mtu akionyeshwa mlango mmoja akapita, huku kwetu hatusemi amechagua.

5. Sasa linakuja lenyewe, na nakuomba ukae.

Huku kwetu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Huyu unamwachia wawili, yule watatu, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande huu, upande ule wasalie. Anayetunza anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe analala usingizi. Na adabu ya jambo hili ni kwamba ng'ombe walio zizini kwa mtu huitwa wa mtu huyo, na mgeni haulizi zaidi. Kuhesabu ng'ombe wa mtu kwa sauti ni sawa na kumhesabia matonge. Ila lipo sharti moja: ukiulizwa pale pale zizini, mbele ya ng'ombe mwenyewe, huyu ni wa nani, humkani mwenye mali. Ukimkana, zizi linaingia mkosi.

Jordan alipokuwa anafunga kengele alikuwa ananiuliza kwa kila ng'ombe, huyu ni wa nani, mzee? Nikasema moyoni, huyu kijana amelelewa. Anawajulia hali ng'ombe kama mgeni anavyopaswa. Nikamjibu kwa moyo mweupe: huyu wa Msafiri, huyu wa Miriam, yule mjane wa ng'ambo ya korongo, huyu wa katekista. Muda wote alikuwa anapapasa simu. Nikadhani anaandikiana na mchumba.

Sasa mchumba mwenyewe hasa ni wa mpwa wangu Denis. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, na dada yangu Angelina akanikabidhi mimi niwe msemaji wa posa. Denis anampenda Violeth, binti wa Mzee Thobias wa Kolo, kule kwenye michoro ya miambani. Wamependana tangu chuoni, na binti ana akili, anajua kusalimia, hata kengele yenu ingejifunza kwake. Mzee Thobias akaja na wazee wenzake kuona zizi, maana mzazi lazima ajue binti anaingia kwa watu wa namna gani.

Nilivaa koti. Nikasimama langoni, nikapitisha fimbo juu ya ng'ombe wote wale, taratibu, kutoka pembe hadi mkia, nikasema neno moja tu: "Karibuni." Sikusema ni wangu. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu. Ilisema fimbo.

Mzee Thobias alikuwa ameridhika, nilimwona anavyotikisa kichwa. Mara simu yake ikalia mfukoni. Kumbe na yeye huko Kolo mmemfungia kengele zenu, na kumbe mlishaongeza kitu mnachokiita Zizi Wazi, kwamba mwenye programu akisogelea zizi la mwenzake anasomewa lililomo. Ikasomwa na yule yule dada asiyewahi kunielewa, safari hii kwa Kiswahili cha kusifiwa:

"Karibu katika zizi la Bartolomayo. Ng'ombe arobaini na mmoja. Wa mwenye zizi, wawili. Mmoja anachechemea."

Akaendelea kuwataja wenye mali, mmoja mmoja. Lile dume la wahandisi likasomwa kuwa ni la Msafiri. Ng'ombe wenyewe walinyamaza. Denis akawa anaviangalia viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza amekutana navyo. Mzee Thobias akaomba maji, akanywa polepole, akaniambia, "Ndugu yangu, tutaleta neno." Wakaondoka bila kula, na mbuzi alikuwa keshachinjwa. Yule mbuzi alikuwa wangu mimi, halali kabisa, lakini hakuwa na kengele ya kumtetea.

Neno halijaja. Dada yangu hanisemeshi. Denis amekonda, mkanda wa suruali unamzunguka kama kamba ya mzigo. Violeth anampigia simu, wanalia wote wawili mpaka bando linakata. Na kabla vumbi la wageni halijatulia, kampuni yako ikanitumia ujumbe ikiniuliza niwape nyota ngapi kwa huduma.

Ndugu Mkurugenzi, siri ya mtu si uongo. Siri ya mtu ni nguo. Mmenivua mbele ya wakwe, halafu mnaniomba nyota.

6. Kwa hiyo nadai yafuatayo, na sitapunguza.

Kampuni imwandikie Mzee Thobias, kwa muhuri, kwamba siku ile kengele zilikuwa na homa. Kama muhuri hauwezi kusema uongo, basi mniletee ng'ombe wa kutosha ili ile sauti iwe imesema uongo. Mimi lolote kati ya hayo mawili linanitosha.

Serikali nayo itunge sheria kwamba kifaa chochote chenye akili, kabla hakijauzwa, kipite jandoni. Kikae porini kipindi kizima na wazee, kifundishwe jambo gani husemwa mbele ya mke, lipi mbele ya wakwe, na lipi halisemwi hata kwa ng'ombe. Kifanyiwe kila kinachofanywa jandoni. Sehemu ya kukata wahandisi wenu wataitafuta.

Na kama mtaona hilo gumu, basi wewe Ndugu Mkurugenzi uvae kengele msimu mmoja wa mvua. Mama watoto wako aandikiwe kila mahali ulipokaa bila kusogea. Ukikaribisha wageni nyumbani, sauti ya yule dada iwasomee sebuleni: nyumba ya kupanga, gari la mkopo, suti ya shemeji. Ukivumilia mpaka mavuno, nitakuja mwenyewe kukupa nyota zote unazotaka.

Naishia hapa, mwanga unakwisha na ng'ombe wanaingia. Wasalimie wote ofisini, mlinzi wa getini, na mama anayewapikia chai. Jordan msalimie, umwambie sina kinyongo naye, ila asikanyage kwangu. Yule dada wa bonyeza moja usimsalimie, hatanielewa. Ng'ombe wote wanakusalimu, wangu na wa wenyewe.

Wako katika ufugaji na fedheha,

Bartolomayo Ndahani,
Mjomba wa bwana harusi aliyekwama.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha Denis akaingia anakimbia na kiatu kimoja. Neno limekuja. Mzee Thobias amekubali, na mshenga ameleta maneno yake kama yalivyo: "Mwenye ng'ombe wengi anaweza kuwa mwizi. Aliyeachiwa ng'ombe na mjane, hapo sina wasiwasi. Binti yangu aende." Akaongeza kwamba mtu aliyeaminiwa na watu wote wale hakosi wa kumchangia mahari. Na kweli, Msafiri keshatoa lile dume, Miriam ametoa mtamba, na katekista ametoa sala, bado tunazungumza naye.

Kwa hiyo malalamiko yangu, la kwanza mpaka la sita, uyachukue kama salamu. Msifute chochote kwenye Zizi Wazi. Ile habari ya kilabuni tu ndiyo mfute.

Kuna swali moja dogo. Mapembe mguu umepona, naye anakwenda Kolo kwenye mahari, na kengele yake shingoni. Jordan alisema kengele husikiliza kikohozi. Nauliza kwa faida ya elimu tu: kama inasikia kikohozi cha ng'ombe, je, inasikia na maneno ya mtu aliyesimama karibu, tuseme mkwe, akimsema mjomba wa bwana harusi? Kama inasikia, nijibuni haraka. Niko tayari kujiunga na Dhahabu.