Hatununuliwi kwa Kofia

Lemein Kisemei,
Mwenyekiti wa Mashabiki,
Noonkopir, Kitengela.
Jumatano, kabla ng'ombe hawajatoka.

Kwako Bi. Caroline,
Meneja wa Udhamini,
Kampuni ya Matangi ya Ngamia,
Barabara ya Namanga.

KUH: KUNYANYASWA KWA MASHABIKI KUPITIA KOFIA, TANGI NA UPENDO MWINGI

Mheshimiwa Meneja,

Takwenya. Mama akisalimiwa hivyo kwetu hujibu "Iko", kwa hivyo nitangoja kidogo hapa ujibu ndio niendelee.

Asante.

Mimi ni mfugaji, umri wangu miaka sitini na tatu, na ndiye kiongozi wa mashabiki wa Vumbi Stars tangu siku timu ilipokuwa na mpira mmoja na jozi sita za viatu. Naandika kwa heshima na adabu zote nilizo nazo. Zikiisha katikati ya barua utanisamehe, maana zimetumika sana tangu Januari, mlipoanza kutudhamini.

Kwanza nishukuru, nisije nikaitwa mtu asiye na shukrani. Mlitupa jezi, nyavu mpya na kofia mia mbili. Kofia yangu ninayo. Mbuzi alikula ile sehemu ya mbele, lakini iko.

Sasa malalamishi. Nimeyapanga kwa nambari ili mtu wa ofisini asiseme hakuelewa.

1. JINA. Tuliitwa Vumbi Stars kwa sababu kiwanja chetu ni vumbi, na mvua ikinyesha ni ule udongo mweusi unaomvua mtu kiatu na kukataa nacho. Nyinyi mkatuita Ngamia Stars. Sina ubaya na ngamia. Ni mnyama mvumilivu, ingawa anamwangalia mtu kwa dharau. Lakini kwa miaka kumi na sita nimesimama pale kona nikiita "Vumbi!" na uwanja mzima unajibu "Machoni mwao!" Timu za Kisaju zilikuwa zinasikia hiyo kitu zikiwa bado barabarani, na wachezaji wao wanaanza kuumwa na tumbo. Sasa askari wenu wa langoni ameniambia jina la zamani halitamkwi ndani ya ua. Hapo kuna shida ya kinyumbani, kwa sababu niko na maksai anaitwa Vumbi, na njia yake ya kwenda kunywa maji inapita hapo. Nilijaribu kumwita Ngamia wiki nzima. Hakugeuka hata mara moja. Siku ya saba akaacha kula. Naomba ofisi yako iniandikie nimwite nani.

2. KUSHANGILIA. Mlinipa karatasi. Karatasi inasema kwamba timu ikifunga, kabla ya mtu yeyote kupiga nduru, mashabiki wote waseme mara tatu, kwa sauti moja: "Ngamia! Jaza leo, kunywa kesho! Tangi la familia yenye maono!" Tukakubali, sisi ni watu wa kusikia. Tulipocheza na Kisaju tukafunga dakika ya arobaini. Tukasimama, tukasoma. Tulipofika mara ya pili Kisaju walikuwa wamesharudisha goli, kwa sababu kipa wetu Wanjala, kijana mwaminifu sana kutoka Bungoma, naye alikuwa anasoma. Alikuwa ameweka mkono kifuani na kufumba macho, amefika hapo kwa "yenye maono", na mpira ukapita kando ya sikio lake. Simlaumu. Aliajiriwa na karatasi kama sisi wote.

3. TANGI. Mliweka tangi la lita elfu kumi pale kwenye kona, tupu, ili watu walione. Watu waliliona. Upepo wa Kitengela pia uliliona. Kipindi cha pili likajiviringisha taratibu kama mama mjamzito anayevuka barabara, likaingia kwa boksi la Kisaju, mpira ukaligonga na ukaingia wavuni. Refa, ambaye filimbi yake imechorwa ngamia, akaonyesha katikati. Mtangazaji wenu akasema goli limefungwa na Ngamia mwenyewe. Tukashinda mbili kwa moja.

Sikatai ushindi, Bi. Meneja, sijawahi kukataa ushindi. Ninauliza tu kama tangi lilikuwa limesajiliwa. Kama ni mchezaji, lije mazoezini Jumanne kama wenzake. Namalwa, ambaye hutupikia chai na kuwakanda wachezaji misuli, anauliza likiumia alikande wapi. Tena mlipotangaza mchezaji bora wa mechi mkachagua hilo hilo. Na zawadi ya mchezaji bora, kama unavyokumbuka, ni tangi dogo. Tangi likapewa tangi. Tulipiga makofi, lakini tulikuwa tunaangaliana.

4. HAKI YA KUBATIZA. Nilipokuja ofisini kwako kuuliza habari ya jina, ulinieleza vizuri, na chai ukanipa, kwamba anayetoa ndiye anayeweka jina. Nimelifikiria hilo neno nikichunga, na naona ni la haki kabisa. Kwa hivyo tulifuate mpaka mwisho. Mimi nilitoa ndama siku timu inaanza. Namalwa ametoa chai na mandazi kila Jumamosi miaka kumi na sita. Kanisa lilitoa chokaa ya kuchorea mistari, na Ojwang wa bodaboda hubeba waliovunjika mguu mpaka hospitali. Jina la haki basi ni Ndama wa Kisemei Mandazi ya Namalwa Chokaa ya Kanisa Bodaboda ya Ojwang Kofia za Ngamia Stars. Nyinyi mtakuwa wa mwisho, kwa sababu mlikuja Januari. Likikosa kutosha mgongoni mwa jezi, liendelee kwa kaptula.

5. Hili nimelifuta. Mke wangu Soila amesema ni matusi.

6. ONDIEK. Hapa nitaandika polepole.

Kocha wetu, yule mzee mliyemwondoa mwezi uliopita, anaitwa Ondiek. Alikuja hapa kutoka Siaya akiwa kijana wa kiwanda, akapanga chumba Noonkopir. Mwaka ule wa ukame mkubwa alikuja kwangu kuomba vijana wake wachezee kwenye malisho yangu. Nikamwambia malisho chukua, hayana nyasi, na huyu ndama jike pia chukua, umuuze, ununue mipira. Alimchukua. Hakumuuza. Mipira alinunua kwa mshahara wake, na ndama akamfunga nyuma ya ploti ya mwenye nyumba wake, Waceke, akawa anamlisha majani ya kabichi aliyookota sokoni. Wapangaji wenzake walimcheka sana, Mjaluo anayefuga kwa ploti.

Mwaka huo ng'ombe wangu sitini na wanne walikufa. Wote, Bi. Meneja. Mvua iliponyesha nilikuwa nimekaa nje ya boma tupu, sina hata la kuomba Mungu, nikamwona Ondiek anakuja kwa miguu akivuta kamba. Mwisho wa kamba alikuwa ndama wangu, amenona. Akasema Waceke amelalamika kwamba mnyama ana kelele, tafadhali nimsaidie nimchukue. Hilo ndilo alisema. Ng'ombe wote nilio nao leo wametoka kwa yule mmoja, na Vumbi ni mjukuu wake.

Kwetu Wamaasai, ukimpa mtu ng'ombe na akapokea, majina yenu mnayaweka kando, mnaitana Pakiteng. Ukimpa kondoo, mnaitana Paker. Si utani wala jina la mtaani, ni undugu. Hata bibi harusi akiingia boma jipya hupewa wanyama, na kila aliyempa anamwita kwa mnyama wake, ndio asiwe mgeni tena. Ondiek na mimi hatujaitana majina miaka kumi na sita. Yeye ni Pakiteng, mimi ni Pakiteng. Wewe nilijaribu kukutafutia jina pia, maana ulitupa kofia. Niliuliza wazee. Wamesema hakuna neno la mtu wa kofia.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumamosi iliyopita. Mlikuwa mmeleta kocha kijana mwenye kompyuta, na mimi sina neno naye, ana adabu. Lakini ile benchi Ondiek aliyoipigilia misumari mwenyewe, mbao za mjengo, ilikuwa imetolewa, na mahali pake viti vya plastiki vyenye ngamia. Ondiek akaja na koti lake lile la kila mechi. Askari akamwuliza tiketi. Na Ondiek, badala ya kugomba, badala ya kusema mimi ndiye niliyeanzisha hii kitu, akatoa simu, akalipa, akaambiwa tiketi yake ni ya kusimama nyuma ya ua. Akaenda akasimama huko, karibu na maksai wangu. Nilipomfikia akaniambia tu, Pakiteng, leo upepo uko upande wetu.

Niliumia. Sitaficha. Tulifunga magoli mawili siku hiyo na mimi, sauti ya Noonkopir nzima, sikutoa hata mluzi. Watu walidhani niko na homa.

Kwa hayo yote, mashabiki tulikutana tukiwa tumetulia kabisa, na tunadai yafuatayo. Kampuni yenu iitwe Matangi ya Vumbi. Mafundi wa kiwandani, kila wakimaliza tangi, wapaze sauti "Machoni mwao!" mara tatu kabla ya kugusa lingine. Tangi lolote likivuja, sisi mashabiki ndio tuamue msimamizi wa kiwanda aondoke, na akija kuaga, akatiwe tiketi ya kusimama nje. Wewe binafsi utashika ile kona yangu nusu msimu, uone kama ni kazi rahisi. Na msipojibu kabla ya Jumamosi, tunapocheza na Kimana, mashabiki wote mia mbili tutavuka upande ule mwingine na kuwashangilia wakulima wa vitunguu mpaka tutoe machozi. Kofia tutaziacha zimepangwa kwenye mstari wa katikati.

Ielewe ofisi yako, na wakubwa walio juu yako waelewe: shabiki wa Vumbi hapewi kitu leo akageuka kesho. Moyo wa mtu hauendi sokoni. Hatununuliwi kwa kofia, hatununuliwi kwa tangi, wala hakuna zawadi chini ya jua inayoweza kumfanya mtu mwenye msimamo alegeze neno lake.

Nisalimie wote hapo: yule binti wa mapokezi aliyeniongezea sukari bila kuulizwa, dereva wa lori anayepungia mkono ng'ombe wangu, kocha wa kompyuta, na hata askari wa langoni, mwambie sina kinyongo naye, ni kazi. Hapa Soila mzima, Namalwa mzima, Wanjala sasa anadaka macho yakiwa wazi. Vumbi ameanza kula.

Ni mimi ninayelalamika kwa heshima iliyobaki,

Lemein Kisemei,
Mwenyekiti.

N.B. Nilimsomea Soila barua hii yote usiku wa jana nikitarajia pongezi. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Amesema mimi ni mzee wa miaka sitini na tatu na bado sijui watu wa ofisi. Barua inaingia kwa faili, amesema, lakini kondoo haingii kwa faili.

Kwa hivyo aliyekuletea bahasha hii ni Soila mwenyewe, na hicho alicho nacho kwenye kamba ni kondoo jike wako. Ni mpole, amezaa mara moja, hapendi kelele. Tafadhali msimbandike stika.

Ukiishika hiyo kamba tu, sisi si mdhamini na shabiki tena, na mtu hamshtaki Paker wake hata kidogo. Itabidi nifute nambari moja, mbili, tatu na nne. Iteni timu Ngamia, tutazoea. Karatasi nitaisoma mara tatu, hata nne. Tangi mlisajili, lina mwili mzuri wa beki. Kofia nitaivaa hivyo hivyo ilivyoliwa.

Lakini Paker naye hakatai ombi la kwanza la Paker wake. Na langu ni la Jumamosi, saa nane, kwenye mstari wa wachezaji wa akiba, pale ile benchi ilipokuwa. Si lazima afundishe. Kijana afundishe, yeye akae.

Kiti kimoja tu, Paker.