Gari la Bibi Harusi na Ile Taa Nyekundu

Jumatatu, 4 Agosti

Ushindi! Mamamkwe amekubali: Jumamosi bibi harusi, mdogo wa mke wangu, atapanda gari langu. Si la Kiyoyozi. Kiyoyozi ni mwanyumba wangu, kamuoa dada mkubwa wa mke wangu. Jina nimempa mimi, maana hamalizi kikombe cha chai bila kutaja kiyoyozi cha gari lake jipya. Langu lilikuwa barabarani kabla yeye hajaota ndevu. Leo uso ulimshuka mbele ya ukoo mzima. Nimekula mara mbili kwa furaha.

Sharti moja tu: Alhamisi mamamkwe alipande kwanza, aone kama ni zima. Mama huyu aliendesha gari la mikate ujana wake wote. Hadanganyiki ovyo. Nikiwa njiani kurudi, taa nyekundu yenye picha ya betri ikawaka kwenye dashibodi, na injini ikaanza kulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Ndiyo nini sasa?

Jumanne, 5 Agosti

Taa bado inawaka. Nimeipiga makofi dashibodi. Haikusikia. Nimebandika plasta juu yake. Mke wangu akauliza gari limeumia wapi. Nikaona isiwe taabu. Nikashika bisibisi, nikafungua dashibodi, nikachomoa kibalbu chenyewe. Giza tupu! Watu wanapeleka magari gereji kwa uvivu wa kufikiri tu.

Jumatano, 6 Agosti

Kelele, bahati mbaya, haina balbu ya kuchomoa. Nimekwenda kwa fundi umeme wa magari. Akainama, akasema mkanda unaozungusha alteneta umelegea, ndiyo maana betri haipati chaji. Akaukaza. Kelele ikakata hapo hapo. Akataka kupima umeme kwa mita. Nikamwambia nina haraka, maana sikutaka achungulie lile tundu kwenye dashibodi. Akauliza kama basi taa ya betri imezima. Nikamjibu imezima kabisa na haitawaka tena. Akaridhika. Sijasema uongo hata neno moja.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi gari limeguna, likagoma. Ndiyo kwanza limetoka kwa fundi! Namshuku Kiyoyozi. Jana alipita eti kumsalimia mke wangu, akaegesha karibu mno na gari langu. Sijui kama magari mapya yanaweza kufyonza umeme wa wenzao, lakini yeye simwamini.

Nimebeba betri hadi dukani ikachajiwa, nikawahi kuirudisha. Mamamkwe nimemkalisha nyuma, nikimwambia ndicho kiti cha bibi harusi. Kwa kweli nilimtaka mbali na dashibodi. Tulipofika akasema, "Limetulia, mwanangu." Nikataka kulia. Kwa usalama, kesho betri inarudi dukani kujazwa tena.

Jumamosi, 9 Agosti

Mungu wangu.

Tulianza vizuri. Bibi harusi nyuma, mamamkwe mbele pembeni yangu, msafara mzima nyuma yetu. Nikawasha kila kitu: taa zote, indiketa zote, feni, redio. Nikapiga honi kwenye kila kona. Baadaye honi ikaanza kukohoa. Redio ikanyamaza. Kwenye mzunguko, katikati kabisa, injini ikazima. Bibi harusi hakugomba. Aliuliza tu kwa sauti ndogo kama atafika. Afadhali angenitukana!

Kiyoyozi akashuka. Hakucheka, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Akamhamishia bibi harusi kwenye gari lake, akafunga kamba, akanivuta hadi ukumbini. Kwa hiyo, tukisema haki, gari langu lilikuwa la pili katika msafara.

Mamamkwe alikataa kunihama. Tukiwa tunavutwa akasema tangu asubuhi anaitafuta taa ya betri. Hata kwenye gari lake la mikate iliwaka ukizungusha ufunguo, ikazima injini ikinguruma. Yangu haikuwaka, akadhani ni macho ya uzee. Ikabidi niseme nilichofanya. Akanishika bega. "Ungeniambia tu, mwanangu. Ningekupenda hivyo hivyo." Nimeona aibu ya kweli.

Jumapili, 10 Agosti

Fundi amekuja. Amecheka mpaka akakaa chini. Eti katika magari ya zamani kama hili, umeme wa kuiamsha alteneta hupitia kwenye kibalbu kile kile. Ukikichomoa, mkanda utazunguka siku nzima na alteneta imelala. Amekirudisha. Taa ikawaka, injini ikanguruma, taa ikazima. Mita ikapanda. Inachaji!

Na mamamkwe amenisamehe! Kesho alfajiri nimpeleke kwa dada yake, safari ndefu. Mimi, si Kiyoyozi! Nimemwapia sitaigusa taa ya betri maisha yangu yote.

Jioni nimelijaribu gari. Imewaka taa nyingine, nyekundu pia, yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone. Mke wangu anasema ni ya oili. Safari hii sikukurupuka. Nimempigia fundi kwanza, nikamuuliza swali moja tu: taa hii inahusika na kuchaji? Akasema hapana, haihusiki kabisa, ila... Nikamshukuru, nikakata simu.

Nimeshaichomoa.