Bei ya Povu la Shangazi

Waliomwita Msumeno hawakukosea: alikata akienda, akakata akirudi. Asubuhi hiyo alikuwa mgahawani akinywa chai ya mkopo, tai shingoni, njaa tumboni, mara tajiri wa meza ya pili, mwenye kitambi cha heshima, akaanza kufoka kwenye simu.

"Nalitaka jina la ile sabuni, Povu la Shangazi! Kiwanda ninacho, mashine ninazo, jina sina. Yule mama kaapa hataniuzia mimi hata nikimpa gari. Atakayelipata, nitalinunua kwake kwa bei yoyote!"

Chai ikamwingia Msumeno puani. Bei yoyote! Maneno hayo mawili yamewazika wengi wenye akili timamu, naye Msumeno hakuwahi kudai kuwa zake ni timamu. Akamkimbilia tajiri mlangoni, akaomba kadi yake na kuuliza yule mama anakaa wapi.

Kabla ya adhuhuri alikuwa kibarazani kwa mwenye sabuni, mama mpole aliyekuwa akianika vipande vichache juani.

"Mama, mimi ni mthamini wa miliki bunifu."

"Miliki nini, mwanangu?"

"Mali isiyoshikika. Jina, nembo, siri ya biashara. Hupimwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni gharama: kuitengeneza kulikula nini? Nembo yako aliichora nani?"

"Mpwa wangu. Nilimpa chakula cha mchana."

"Basi! Thamani yake ni sahani moja ya chakula. Kwa huruma, nitaongeza na soda."

Mama akafuta jicho. "Na hizo njia mbili?"

"Hizo ni za wakubwa."

"Nieleze tu, nife nimeelimika."

Domo la Msumeno halikuwa na breki, akaeleza. Soko: majina kama hilo yaliuzwa kwa kiasi gani? Mapato: jina litamwingizia mwenyewe nini miaka ijayo?

"Miaka ijayo!" Mama akaangua kilio. "Jina la marehemu shangazi yangu! Wanangu watakula nini hiyo miaka ijayo?"

Alilia kilio cha kupandisha bei: kila kwikwi, bei juu. Kufikia alasiri Msumeno alikuwa ameuza pikipiki, saa na kitanda, na kumkopa dada yake kwa kiapo cha mama yao mzazi. Wakatiliana saini. Akatoka akirukaruka kama mwanambuzi.

Simu ya tajiri haikupatikana. Anwani ya kadi ikamfikisha kwa kinyozi, asiyemjua tajiri yeyote, ila alikuwa tayari kumnyoa. Msumeno akarudi mbio kwa mama. Mlango uko wazi. Tajiri ameketi ndani, mwembamba kama ufito, na kitambi chake, mto wa kulalia, kiko kitini pembeni.

"Mume wangu huyo," Mama akamtambulisha bila haya. "Karibu."

"Matapeli! Hata pesa za dada yangu mmekula!"

"Taratibu, mwanangu. Jina ni lako kweli. Liuze, ukimpata anayelijua."

Msumeno akafungua kinywa atukane, kikatoka kicheko. Akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Kile kilio, mama! Kile kilio! Mimi miaka yote nategemea tai. Nifundisheni, tafadhali."

Mume na mke wakatazamana. Mama akauondoa mto, akamvutia kiti.

"Kaa. Ada umeshalipa. Za dada yako utazirudisha ukihitimu."