Mkate Ulioshuka na Ndege

Mbaruk hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango, na Mbaruk tangu azaliwe hakuwahi kuvunja hata kijiti cha kiberiti. Yeye watu walimfungulia wenyewe, wakamkaribisha kitini na kahawa wakampa. Nayasema haya mapema msije mkamwonea. Mimi mtu simpakazi, namsema alivyo.

Asubuhi moja ya mwaka wa themanini na sita, alikuwa ameegemea friji ya soda ndani ya duka la vyakula hapo Malindi mjini, akinywa soda iliyolipiwa na mtu mwingine, alipoingia Bi Hilda. Huyu alikuwa mjane wa Kiingereza mwenye nyumba ya wageni karibu na bahari. Miaka kumi na mbili alikuwa nchini. Joto alilizoea, mbu aliwazoea, na Kiswahili alikizoea kwa namna yake. Kilichomshinda ni mkate.

Alichukua mkate mweupe wa kiwandani, ule wa karatasi ya nta, akaubonyeza. Kidole kikazama chote.

"Hii si mkate," alimwambia mwenye duka. "Hii pamba. Natia ndani ya mashine ya tosti, inalala kama mgonjwa. Natoa, inakatika. Mimi nataka mkate yenye gamba. Yenye uchachu kidogo. Siku ya tatu bado inasimama."

Mwenye duka alijibu kwamba mkate ndio huo, wa jana, wa leo na wa kesho. Mbaruk akaiweka chupa chini.

Ngojeni kidogo niwaambie kwa nini aliiweka chini na soda ilikuwa bado nusu. Mbaruk alikuwa akimpenda Khamisa, binti ya Mzee Muhdhar mpika halua, na alimpenda kweli, bila ujanja ndani yake. Usingizi ulikuwa ukimtoka kwa ajili yake. Lakini Mzee Muhdhar alikuwa amekata shauri: "Mwanangu simpi mtu anayeishi kwa mdomo. Nioneshe kazi yenye jina, nioneshe na duka, kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. La sivyo, Mahadhi wa duka la vitambaa ameshatuma wazee." Miezi miwili ndiyo iliyobaki. Pesa za kukodi duka alikuwa nazo nusu, amezichimbia chini ya kitanda, na kazi yenye jina hakuwa nayo kabisa.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba."

"Mkate unaoutaja nauleta mimi. Kutoka London."

Bi Hilda alimtazama toka kofia hadi kandambili. "Wewe?"

"Shemeji yangu ni rubani. Ndege kubwa ikitua Nairobi Ijumaa, yeye Jumamosi yuko hapa na ndege yake ndogo. Huwaletea mabalozi."

"Mabalozi gani wako Malindi?"

"Wanapumzika, mama. Na balozi naye ana tumbo."

Bi Hilda alisema sawa, lete mmoja nionje.

Basi Mbaruk akapanda Vespa, pikipiki aliyoachiwa na amu yake, akashika njia ya mtaa wa Kisumu Ndogo, pembeni mwa mji. Huko alikuwako Mbeyu, mwanamke wa Kigiriama kutoka Vitengeni, aliyekuwa akioka mkate uani kwake kwa tanuri la udongo na moto wa makumbi ya nazi. Unga wake aliuumua kwa mnazi, ile tembo ya kugema, kama alivyoumua bibi yake. Mkate ukatoka mweusi, mgumu wa ngozi, na mchachu. Watu wa bara waliununua wakisafiri, maana ulikaa wiki nzima bila kuoza. Watu wa mjini walio waangalifu hawakuugusa, kwa sababu ya mnazi. Kwa hiyo kila jioni Mbeyu alibaki na mikate mitano sita, akiitazama.

"Dada Mbeyu," Mbaruk alisema, "iliyobaki nitainunua mimi, kila Jumamosi. Lakini nipunguzie. Ni ya mbwa."

Mbeyu aliacha kufagia. "Mbwa?"

"Kuna mzungu ana mbwa wanne. Mbwa wa kizungu hawali ugali."

Mbeyu aliumia, asiwadanganye mtu. Mwanamke anaamka alfajiri, anaukanda unga mpaka mabega yanauma, halafu aambiwe kazi yake ni ya mbwa. Lakini watoto walikuwa watatu na unga ulikuwa umepanda bei. Akapunguza.

Na hapa nimsifu Mbaruk kidogo, maana sifa zake ni chache na si vizuri kuziruka. Katika biashara hiyo yote hakuuonja mkate ule hata kipande. Uongo alikuwa hauhesabu, ila mnazi alikuwa hathubutu. Kila mtu na dini yake.

Palibaki karatasi. Mkate uliotoka London hauwezi kufungwa kwa gazeti la Nairobi. Alizunguka kwa wauza mandazi wanaofungia magazeti makuukuu, akapekua, mpaka akapata rundo la magazeti ya London yenyewe, yenye picha za malkia na bei za nyumba. Akafurahi mno, akaona Mungu yuko naye katika jambo hili.

Bi Hilda alikata kipande, akakitia mashineni. Kikaruka juu kimesimama, kimeiva pande zote, akakipaka siagi na jemu ya machungwa, akala amefumba macho. Alikula vipande vinne. Akamwambia Mbaruk kwamba hajala tosti kama hiyo tangu mumewe yu hai, na machozi yalimlengalenga. Kisha akalipa bei ya London.

Wiki tatu mambo yakenda kama yaliyotiwa mafuta. Mbaruk akamwambia Mzee Muhdhar kwamba yeye sasa ni wakala wa ndege. Mzee akauliza ndege gani. Mbaruk akasema za mizigo. Neno likafika barazani, na jioni moja Mzee akasikika akisema, "Huyu mkwe wangu wa ndege," na Mbaruk alipoambiwa alizunguka mji mzima kwa Vespa bila sababu yoyote.

Wiki ya nne Bi Hilda alifungua mkate wake, akalikunjua gazeti alisome wakati tosti inaiva. Kwenye ukurasa wa ndani palikuwa na fumbo la maneno, lile la kujaza visanduku. Lilikuwa limejazwa tayari, kwa wino wa kijani, ila mstari mmoja. Bi Hilda akautambua wino, akautambua mwandiko, na ule mstari akaukumbuka, kwa sababu ulimsumbua siku mbili nzima mwezi uliopita.

Akamwita mpishi wake. "Kaingu. Magazeti yangu ya zamani yanakwenda wapi?"

"Nawauzia watu wa mandazi, mama. Uliniruhusu."

"Na mkate huu unatoka wapi?"

"Kisumu Ndogo. Kwa Mbeyu."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Mimi ni mtu wa Vitengeni, mama. Nimekulia mkate huo."

"Kwa nini hukusema?"

Kaingu alifikiri. "Ulikuja na mkate mkononi ukaniambia umetoka London. Mtu mzima akisema mkate wake umetoka London, mimi ni nani?"

Bi Hilda alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka, akachukua ufunguo wa gari na kumwambia Kaingu apande.

Mbeyu alipomwona mzungu anashuka uani kwake, alijua ndiye. Alimpa kigoda, akamsalimu vizuri, na kwa adabu zote akauliza, "Na mbwa hawajambo?"

"Mbwa gani?" akasema Bi Hilda.

Hapo Kaingu akafasiri pale palipohitaji kufasiriwa, na wanawake wawili wakaongea kwa muda mrefu. Mwanzoni Mbeyu alikuwa na hasira. Mwishoni alikuwa akitabasamu, na mtu aliyemjua Mbeyu angalikimbia.

Jumamosi iliyofuata Bi Hilda alimpokea Mbaruk kwa furaha. "Wageni wangu wote wanataka. Nipe mikate thelathini kila wiki. Shemeji yako ataweza?"

"Mama," alisema Mbaruk, "ndege ni kubwa."

Aliruka mpaka kwa Mbeyu. Mbeyu akatikisa kichwa. Tanuri lake lilikuwa dogo, la mikate minane. Thelathini kwa alfajiri moja yataka tanuri la matofali na mlango wa chuma, na fundi wa kulijenga.

"Mbwa wamekuwa wengi hivyo?" aliuliza.

"Wamezaa."

"Basi nijengee, kaka, nami nitaoka. Tuandikishane?"

Sasa sikilizeni. Mbaruk katika kazi yake alikuwa na kanuni moja, na aliishika kuliko sala: karatasi hapana. Hakuwahi kutia sahihi popote. Karatasi huongea mwenyewe hayupo, na yeye hakupenda kitu kiongee mbele yake. "Karatasi ya nini baina yetu?" alisema. "Mimi na wewe ni ndugu."

"Kama ni hivyo, haya," akasema Mbeyu.

Mbaruk akafukua pesa za duka chini ya kitanda. Hazikutosha, akaiuza Vespa. Roho ilimuuma, lakini alijiambia kwamba baada ya wiki mbili za mikate thelathini atakuwa na duka, na Khamisa ndani ya nyumba, na hiyo Vespa atainunua tena na nyingine ya Khamisa. Fundi alijenga siku tisa. Tanuri likasimama uani, refu kumpita mtu, mlango wa chuma umepakwa rangi nyekundu.

Usiku wa kuamkia siku ya mikate thelathini ya kwanza, Bi Hilda akatuma salamu: kesho atakuja mwenyewe uwanja wa ndege, saa nne, amshukuru rubani.

Mtu mwingine angaliugua homa. Mbaruk alichukua mikate kwa Mbeyu kabla ya jua kuchomoza, akaipakia kwenye mkokoteni, akaenda uwanjani kumtafuta Kitsao, mbeba mizigo. Wakapatana. Ndege ndogo ya watalii ikitua, Kitsao ataupitisha mkokoteni nyuma ya mkia wake, atokee upande wa pili akitweta, kana kwamba ameishusha mizigo sasa hivi. Wakajaribu mara mbili kwa ndege iliyokuwa imeegeshwa. Mara ya pili ilipendeza kabisa.

Saa nne ndege ikatua. Kitsao akapita nyuma ya mkia, akatokea, akitweta. Hakukuwa na mtu wa kumtazama. Saa tano ikatua nyingine, Kitsao akatweta tena. Saa sita akaweka mkokoteni chini.

"Kaka Mbaruk," alisema, "huyo mama unayemngoja si yule wa gari jeupe?"

"Ndiye."

"Lile gari nimelipita nikija kazini. Liko Kisumu Ndogo."

Mbaruk alimwachia Kitsao mkokoteni na mikate yake, akaenda kwa miguu, katika jua lile. Alipofika uani alimkuta Bi Hilda amekaa kigodani, siagi magotini. Kaingu alikuwa akigeuza vipande vya mkate juu ya jiko la makaa, na Mbeyu akila.

"Shikamoo, mama," alisema Mbaruk polepole.

"Marahaba. Ndege imetua salama?"

"Mama, naweza kueleza."

"Najua. Wewe unaeleza vizuri sana. Wiki hizi zote mimi nimelipa maelezo. Sasa maelezo nimeshiba. Nataka kulipa mkate." Akamnyoshea Mbeyu kisu cha siagi. "Kuanzia leo nalipa huyu."

"Na mbwa wanakusalimu," akasema Mbeyu.

Mbaruk aliwatazama wote watatu. Akawa kama hajali. "Haya, si neno. Lakini tanuri ni langu."

"Lichukue," Mbeyu alimwambia. "Hakuna aliyekushika mkono."

Mbaruk alilizunguka tanuri mara moja. Alilisukuma kidogo kwa kiganja, na kiganja kikaungua.

"Au una karatasi?" Mbeyu aliuliza. Kaingu alimnyoshea kipande chenye siagi. Mbaruk akasema ahsante, mnazi hatumii.

Njiani kurudi mjini alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliamua kusema kweli. Aliona kwamba Khamisa ndiye pekee aliyebaki, na kwamba kwa Khamisa afadhali aingie na kweli hata ikiwa chafu. Alimkuta Mzee Muhdhar akikoroga halua, jasho linamtoka, na nyuma ya pazia alisikia vikuku vya Khamisa. Akavua viatu, akakaa, akasimulia yote: mkate, mbwa, magazeti, Vespa, pesa za duka, tanuri. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Alipomaliza alikuwa karibu kulia.

Mzee Muhdhar aliacha mwiko. "Wewe, Mbaruk," alisema, "umechezewa na mwuza mkate wa Kisumu Ndogo? Bila kuandikiana?"

"Wallahi, mzee."

"Mwanangu, mimi nimekuvumilia mengi. Ile ya ndege niliipenda, na niliingoja. Kama ndege haipo, niambie haipo. Usinitungie tanuri."

"Njoo ulione. Hapa tu, si mbali. Mlango mwekundu. Nimelijenga mimi, kwa Vespa yangu."

"Nalijua tanuri la Mbeyu," akasema Mzee, akirudia mwiko wake. "Mji mzima unajua amejengewa na yule mama mzungu. Khamisa, mtume mtu kwa kina Mahadhi, waambie wazee waje baada ya Isha."

Nyuma ya pazia Khamisa alicheka, na Mbaruk alikipenda kicheko kile hata wakati huo. Akavaa viatu vyake, akatoka.